Mtoto Aliyeitwa Huyo

Mtu mkunje angali mbichi. Ndivyo samaki wa bandari yetu wanavyousiana huko chini, penye tope na minyororo ya nanga. Wala msicheke. Katika mji wetu samaki ndiye anayempa mtu jina.

Mtoto akizaliwa kwetu haitwi. Huonyeshwa tu kwa kidole: Huyo. Huyo ananyonya, Huyo ana homa, Huyo amevunja kikombe. Siku atakapovua samaki wake wa kwanza ndani ya bandari, kwa mkono wake mwenyewe, samaki hupelekwa gatini angali anahema, na Msikizi wa Gati humwekea sikio mdomoni. Samaki husema, Msikizi hutangaza. Watu hupiga vigelegele, mtoto huulizwa anajionaje, naye kila mara hujibu kwamba anajiona vilevile. Mimi nilipewa hivyo jina la Mwanakombo. Lilinibana mwanzoni kama kiatu cha kurithi, kisha mguu ukakubali.

Na asiyevua? Hungojewa mpaka meno ya mbele yaliyong'oka yaote tena. Jino likishatokeza lote naye hajavua, huja tagi, ile boti fupi yenye kifua kipana inayovuta meli, ikamchukua mpaka ng'ambo ya pili, kwenye makontena yasiyoandikwa kitu. Huko wanaishi Huyo na Huyo na Huyo. Hawapigwi wala hawalazwi njaa. Gati si katili, Gati lina utaratibu. Ila jua linaposhuka hakuna mlango unaofunguliwa, mtu akatoka na mwiko mkononi, akapaza sauti kumwita mmoja wao aje kula. Na mtu asiyeweza kuitwa atarudi vipi? Arudi kwa nani?

Jino la mwanangu lilikuwa limetokeza lote. Asubuhi ile aliniamsha kwa kukichukua kidole changu na kukitia kinywani mwake ili niliguse.

"Limefika, Mama," akasema kwa fahari, kama anayetangaza mgeni.

Tukatoka na kayaki.

Kayaki yetu ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, rangi ya ndizi mbivu, wenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mtoto hukaa mbele na mshipi wake wa kuvulia. Mzazi hukaa nyuma na kafi lenye bapa huku na huku, apige maji kulia na kushoto, aelekeze. Nimelifikiri sana jambo hili la viti. Nchi kavu wanatuambia mzazi hutangulia na mtoto hufuata. Majini nimeona kinyume chake. Majini mtoto ndiye anayeliona wimbi kwanza, ndiye anayerushiwa maji ya uso, ndiye anayefika. Mimi nimepewa kisogo. Naona mabutu manne niliyoyasuka jana yakiwa yameanza kufumka, naona kovu la tetekuwanga chini ya sikio, naona shingo nyembamba kama mkono wa birika, na kutokana na shingo hiyo napaswa kusoma kama anacheka au anakaribia kulia. Namwongoza mtu nisiyemwona uso, kwenda mahali anapopaona yeye kabla yangu. Kama kuzaa si huko, basi nielezwe kuzaa ni nini.

Saa ya mnara wa bandari yetu husogea pale tu meli inapoondoka, na meli zilikuwa zimesimama tangu zamani, kutu imezishuka ubavuni kama machozi ya wanja. Kwa hiyo asubuhi yetu ilikuwa asubuhi ya watu wengi kwa pamoja, wazima na waliokufa. Nilipopiga kafi kulia, kisogo kilikuwa cha mwanangu. Nilipopiga kushoto, nywele ziliingia mvi, shingo ikanenepa kidogo, ikawa ya marehemu mama yangu, na mama akasema bila kugeuka, "Taratibu, mwanangu, huendi kuzima moto." Nikapiga tena kulia, upesi.

"Mama," akasema mtoto, "samaki atajuaje jina langu na hajawahi kuniona?"

"Anakuona sasa hivi. Wewe ndiye humwoni."

"Basi na anitazame vizuri. Asinipe jina bovu kama yule wa kina Bi Mosi. Wamemwita Simba, na anaogopa kuku."

"Usimcheke mwenzio."

"Simcheki yeye. Namcheka kuku, hajui kama amemshinda simba."

Akafunga kipande cha ngisi kwenye ndoana, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Huo ulimi sikuuona. Nilijua tu uko hapo, kwa jinsi sikio moja lilivyopanda. Akatupa. Chubwi la risasi likazama na mshipi ukalala juu ya maji.

Tukangoja. Kungoja majini si kama kungoja nyumbani. Nyumbani unangoja kitu kije. Majini wewe ndiye kitu, na kuna kinachokungoja huko chini kikijiuliza kama unafaa. Nilitazama mshipi, nikatazama mnara, nikatazama ng'ambo ya pili ambako makontena yalikuwa yamepangwa kimya, na nikaona, au nilidhani nimeona, mtu mdogo ameketi juu ya kontena akipunga mkono. Hakuwa akimpungia mtu yeyote. Alikuwa anapunga tu, kwa kuwa mkono anao.

Hapo nikaamua.

Chini ya kiti changu nilikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko alikuwamo samaki, changu mmoja. Nilimchukua jikoni alfajiri, kwa mpango ninaoweza kuusema kwa maneno machache: mwanangu angetazama pembeni, ningeuvuta mshipi wake uliopita karibu na goti langu, ningemtunga changu kwenye ndoana, ningemwachia azame, ningetikisa. Hakuna mama asiyejua kumfanyia mtoto kazi yake kisha akampigia makofi.

"Tazama kreni lile," nikasema, "linafanana na twiga anayekunywa maji."

"Halifanani."

"Litazame vizuri."

Akalitazama vizuri. Nami nikafanya nilivyopanga.

"Mama! Mama, amekula!"

"Vuta! Usimpe nafasi, vuta!"

Akavuta kwa mikono yote miwili, mabega yamepanda mpaka masikioni, na changu akapanda bila ubishi wowote, akaingia ndani ya kayaki, akalala. Nikapiga kigelegele. Kikaenda mpaka kwenye meli, kikarudi peke yake. Kisogo cha mwanangu kilikuwa kimetulia mno.

"Mama."

"Naam, roho yangu."

"Samaki huyu hana magamba."

"Wako wa namna hiyo."

"Amechanjwa. Huku chale tatu, na huku tatu."

"Pengine amepita penye chuma."

Akamnusa. Nilisikia pumzi ikiingia, ndefu, ya mtu mwenye haki.

"Ametiwa ndimu," akasema. "Na saumu. Na chumvi, lakini chumvi tuseme ni ya bahari."

Hapo ndipo nilipoitazama mikono yangu kama mtu anavyowatazama watoto wa jirani. Mwanamke wa mtaa wetu hawezi kumshika samaki mkono ukakaa bure. Alfajiri ile akili yangu ilikuwa kwenye jino, na mikono, ikiona samaki, ikaendelea na maisha yake: ikampara, ikamtoa matumbo, ikamchanja, ikamsugua. Nilimtia mfukoni bila kumtazama. Nilikwenda kuidanganya bahari kwa samaki aliyebakiza mafuta ya moto tu.

"Ukimpeleka huyu kwa Msikizi," akasema mwanangu, "mimi nitaitwa Kitoweo mpaka nizeeke."

"Bi Kitoweo."

"Bibi Kitoweo, shikamoo."

Tukacheka mpaka kayaki ikaanza kunesa, nikalazimika kulaza kafi juu ya maji ili tusipinduke, na bado tukacheka. Kicheko chake kilipokatika, shingo iliinama.

"Ulidhani sitaweza?"

"Nilidhani mimi ndiye sitaweza."

"Kuweza nini? Wewe hukuvua."

"Kukaa jikoni jioni nisiwe na la kuita."

Mwanangu alimshika changu mkia, akamweka miguuni pake, akamfunika kwa kitambaa kama mtu aliyelala. Kisha akafunga ngisi mwingine, akatupa mbali zaidi kuliko mwanzo. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi. Nikakipa kiganja changu. Tukakaa hivyo.

Ndipo mshipi ulipokimbia.

Huyu hakuwa wa jikoni. Kayaki ilivutwa pua, ikageuka, ikaanza kwenda yenyewe kati ya meli zilizosimama, na kafi langu halikuwa na kazi. Vuta. Legeza. Mama, ananivuta. Mvute. Mama, ni mzito kama wewe. Vivuli vya meli vikatupita juu. Ndani ya kila kivuli mwanangu alikuwa na umri mwingine: katika kimoja alikuwa mchanga, kichwa hakijakaza, nikataka kumshika, katika kingine alikuwa mwanamke mpana, mwenye pete, katika kingine kiti cha mbele kilikuwa kitupu na mshipi ulikuwa unavutwa na hewa. Hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote. Nilifumbua mdomo niite, na neno pekee lililokuwamo lilikuwa Huyo, na Huyo si neno la kumrudisha mtu. Mtu anaweza kumwambia kunguru Huyo, au wingu. Nikalitema. Nikakaa na mdomo wazi, na katika uwazi ule nikafahamu kwamba tangu siku ya kwanza nilikuwa na jina lake, limejaa kifuani kama maziwa, na kwamba nilingoja ruhusa ya samaki kulitoa.

Tukatoka juani. Alikuwapo, mabutu yake manne yamelowa.

Samaki alikuwa kolekole, mgongo wa fedha, mpana kama sinia. Alikuwa amechoka. Mwanangu alimsogeza ubavuni mwa kayaki, akampitisha mkono chini ya tumbo, akamwinua kidogo tu. Samaki akafumbua mdomo, akafumba, akafumbua.

"Mpeleke gatini," nikasema. "Haraka, angali anahema."

Badala yake mwanangu aliinama, akaweka sikio lake mwenyewe kwenye mdomo wa samaki. Jambo hilo halifanywi. Mdomo wa samaki ni wa Msikizi, hata mfalme, kama tungekuwa naye, asingethubutu. Nikaangalia huku na huku kama mwizi.

"Anasema nini?" nikanong'ona. Aibu ya swali lile! Nilitaka kujua.

Kisha akainua kichwa, shavu linadondoka maji.

"Hasemi kitu, Mama. Anatafuta maji."

"Sikiliza tena."

"Nimesikiliza. Anafungua anafunga, anafungua anafunga. Anataka kwenda kwao."

Akaichomoa ndoana taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mgeni. Ningeweza kumzuia. Nilikuwa na kafi, na mkono, na sauti ya mama. Jino lilikuwa limeota na tagi ilikuwa imeshawasha injini, nilikuwa naisikia. Samaki mmoja tu, ningeufikisha gatini mzigo ule wa fedha, na jioni ningekuwa na la kuita. Mwanangu alifungua mikono. Kolekole akakaa kidogo juu ya viganja vilivyo wazi, akafikiri, akaondoka.

Nami nikabaki na jina la Mwanakombo mdomoni, nikiligeuza kama sarafu ya nchi iliyokufa. Nilikumbuka Msikizi wa utoto wangu akiinama kwa samaki wangu. Nilikumbuka kwamba kabla hajatangaza alimtazama baba yangu, akautazama mkoba wa baba, akanitazama mimi, ndipo akainama. Nani alisema siku ile? Na kabla yangu, na kabla ya mama, na mwanzo kabisa, yule wa kwanza aliyeweka sikio akasikia kimya, akainuka mbele ya watu waliongojea, akaona haya kusema kwamba hakuna neno? Mamlaka yote, nadhani, ni sikio lililowekwa kwenye mdomo unaotafuta maji. Mwenye sikio anasimama, anafuta shavu, anatuambia tulivyo. Nasi tunapiga vigelegele, kwa kuwa kimya kinatisha kuliko uongo, na pia, niwe mkweli, kwa kuwa jina ni kitu kitamu, hata likitoka mahali pabaya.

"Umekasirika?" mwanangu akauliza.

"Geuka."

"Nitaipindua kayaki."

"Nitaishika. Geuka, nikuone."

Akageuka. Alitoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akajizungusha juu ya kiti kile chembamba mpaka magoti yake yakagusa yangu. Uso. Chumvi kwenye nyusi. Jino jipya, pana kuliko wenzake, lenye kingo za msumeno. Sikuwahi kuuona uso huu majini.

"Nitakuita," nikasema. "Wewe usikilize kama ni wewe."

Akakunja mikono kama hakimu. "Haya."

"Tunu."

Akafikiri. "Linakaa kabatini. Hapana."

"Mwanaamani."

"Hilo ni la mtu asiyepanda miti."

"Jokha."

"Jokha ana ndevu."

"Jokha gani ana ndevu?"

"Huyo huyo. Nimemwona sasa hivi ulipomtaja."

Injini ilikuwa karibu. Niliacha kuchagua. Nilifumbua mdomo kama nilivyoufumbua pale kivulini, nikaacha kitoke kilichokuwamo, jina fupi, lenye mwisho ulio wazi, linaloweza kuvuka maji bila kuzama.

"Raya."

Alikunjua mikono.

"Tena," akasema.

"Raya."

"Tena, kama niko mbali."

"Rayaaa!"

"Abee, Mama," akaitika, na sauti yake ilitetemeka, maana hakuwa amewahi kuitika.

Tagi ikasimama kando yetu, kifua chake kiko juu kuliko kichwa changu. Aliyesimama ukingoni alikuwa Msikizi wa Gati mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, kipaza sauti kifuani, masikio yake yale yanayong'aa kwa mafuta. Tulikua mtaa mmoja. Tulikuwa tukiramba barafu moja, zamu kwa zamu.

"Bi Mwanakombo," akasema kwenye kipaza sauti, ingawa nilikuwa chini ya pua yake. "Samaki yuko wapi?"

"Amekwenda kwao."

"Alivuliwa hakuvuliwa?"

"Alivuliwa, akasikilizwa, akaaga."

"Akasikilizwa na nani?"

"Na mimi," akasema mwanangu. "Hawasemi, Bwana Msikizi. Wewe pia unajua."

Msikizi alizima kipaza sauti. Alikitazama chombo kile mkononi mwake kwa muda, kama aliyekishika kwa mara ya kwanza.

"Bi Mwanakombo, mtoto huyu hana jina, na jino limeota. Nimpandishe. Usinifanye niseme mara mbili, mimi pia ni binadamu." Akanyoosha mkono. "Wewe. Huyo. Njoo."

Mwanangu hakutikisika. Alitazama nyuma yake, kwa adabu, kuona ni nani anayeitwa.

"Huyo! Nakwambia wewe!"

"Anaitwa Raya," nikasema.

"Haitwi. Hakuna aliyemwita."

"Nimemwita."

"Wewe si sikio!"

"Mimi ni mdomo."

Raya akasimama. Alisimama juu ya kiti cha kayaki, miguu mitupu, ili aonekane vizuri, nami nikashika kingo mbili kwa nguvu zangu zote. Na wimbi la tagi, lile lililokuwa limetutangulia na kugonga ukuta wa gati, likarudi wakati huo huo. Niliona kayaki ikiinuka upande mmoja. Niliona mikono ya mwanangu ikitafuta hewa.

"Raya!" akapiga kelele Msikizi. "Kaa chini, Raya, utaanguka!"

Akakaa. Alikaa mara moja, kama mtu aliyeitwa anavyofanya. Wimbi likapita chini yetu, likaenda zake.

Mwendesha tagi alitoa kichwa dirishani, akamtazama Msikizi, akakirudisha. Msikizi alikuwa amejishika midomo kwa vidole viwili.

"Limenitoka," akasema.

"Ahsante, Bwana Msikizi," akasema Raya.

"Hapana, hapana, sikilizeni. Limenitoka tu." Alichuchumaa ukingoni, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule wa barafu. "Mwanakombo, dada yangu. Tuyamalize. Jina ni zuri. Nitalitangaza leo hii, tutasema nimelisikia kwa samaki wake, na mtoto alale kwako. Nakuomba kitu kimoja. Uje gatini, mbele ya watu, uliombe Gati radhi kwamba uliwahi kabla ya sikio. Neno dogo. Ukisema, limekwisha."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, wale wa ng'ambo watasikia. Kila mmoja atataka kuitwa. Kila mama atafumbua mdomo wake vile apendavyo. Unajua kelele zake? Na wewe nitakurudia, kesho na kesho kutwa, na tagi hii hii. Sitaki. Sema samahani, Mwanakombo. Mtoto anakutazama."

Ni kweli, alikuwa ananitazama. Alikuwa amekaa mbele yangu, magoti kwa magoti, akingoja aone mama yake ni mtu gani. Nilimpangusa chumvi kwenye nyusi kwa kidole gumba. Nilifikiri juu ya jioni, na mlango, na wale wote ambao milango yao haijafunguliwa, na jinsi kelele zao zitakavyovuka maji haya. Kisha nikamtazama Msikizi machoni.

"Siombi radhi," nikasema. "Washa kipaza sauti, nikuambie tena. Siombi radhi."